Dakika 12 za Bellshill: uzazi mgumu unapomwachia mtoto ulemavu

Jioni ya tarehe 1 Oktoba 1999, saa 11:45, kichwa cha mtoto kilianza kutoka katika hospitali ya wazazi ya Bellshill, Lanarkshire, huko Scotland. Kilitoka nusu, kikakwama. Mabega yalikuwa yamenasa kwenye nyonga ya mama na hayakuwa yakisogea mbele wala nyuma. Mwili wote wa mtoto ulitoka saa 11:57. Katika dakika hizo 12 alipata mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo unaotokana na hitilafu ya ubongo, unaogusa mikono na miguu yote, na mkono wake mmoja ukapooza. Mama yake, Nadine Montgomery, alipeleka shauri mahakamani. Kesi hiyo, Montgomery dhidi ya Lanarkshire Health Board, ilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka ikaamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015.

Mimi huwafanyisha mazoezi ya viungo watoto wenye mtindio wa ubongo, na swali ninaloulizwa na akina mama kuliko maswali yote ni moja: "Mwanangu alikaa sana njiani, akatoka hajalia. Ndiyo maana mpaka leo hakai?" Wengine wameshajibiwa nyumbani kabla ya kufika kwangu. Mawifi wameshasema kwamba mama alimbana mtoto. Ndiyo sababu nakichambua kisa cha Bellshill na si kingine: hapa kila hatua iliulizwa chini ya kiapo, saa zimeandikwa, wataalamu wa pande zote mbili wamehojiwa. Ukijua uzazi mgumu unaomdhuru mtoto unafananaje ukithibitishwa, ndipo unapoweza kuupima uzazi wako mwenyewe kwa haki.

Tuanze na mimba, maana habari ilianzia huko.

Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa mfupi, futi tano na kidogo tu, na alikuwa na kisukari cha kujidunga insulini. Mambo hayo mawili yakikutana kwa mwanamke mmoja, mkunga mzoefu hutega sikio. Sukari ya mama ikiwa juu huvuka kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mtoto hutengeneza insulini yake mwenyewe ili kuikabili, na insulini hiyo humnenepesha, hasa mabegani na kifuani. Kwa mtoto wa kawaida kichwa ndicho kikubwa. Kikishapita, mwili hufuata wenyewe. Kwa mtoto wa mama mwenye kisukari kichwa kinaweza kupita, halafu mabega yakakataa. Mahakama ilielezwa kwamba kwa akina mama wa namna hii hatari ya mabega kukwama ni asilimia 9 hadi 10. Takriban mwanamke mmoja kati ya kila kumi.

Hakuambiwa. Zaidi ya mara moja alieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa mtoto, kama kweli atapita. Daktari wake alisema mahakamani kwamba haikuwa kawaida yake kuwaeleza wagonjwa hatari ya mabega kukwama, kwa sababu madhara makubwa kwa mtoto ni ya nadra mno, na kwamba wakielezwa watataka upasuaji, jambo ambalo aliona halina manufaa kwa akina mama. Baada ya wiki ya 36 mama hakupimwa tena kwa utrasaundi; daktari aliona vipimo vile vinazidi kumtia hofu. Mtoto alizaliwa akiwa na kilo 4.25.

Uchungu ulianzishwa kwa dawa. Baada ya saa kadhaa ukasimama, dawa ikaongezwa nguvu. Kichwa hakikushuka chenyewe, daktari akakivuta kwa koleo za kuzalishia. Hapo ndipo kikatoka nusu na mabega yakanasa. Daktari alikuwa hajawahi kukutana na hali ile. Mama akapigwa nusu kaputi ili ijaribiwe njia ya kumrudisha mtoto ndani na kumtoa kwa upasuaji, njia inayoitwa Zavanelli, lakini daktari akaona hakuna budi ila kumalizia huku huku chini. Akakivuta kichwa kwa nguvu nyingi mpaka kikatoka chote. Kisha akajaribu kukata kiungo cha mbele cha nyonga ya mama ili njia ipanuke, kazi ambayo hajawahi kuifanya. Visu vyenye makali yasiyobanduka havikuwepo, na makali aliyotumia yalichomoka kabla kiungo hakijaachana. Mwisho akavuta kwa nguvu zake zote, mtoto akatoka.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ulemavu wa mtoto yule ulitokana na mambo mawili tofauti yaliyotokea kwa pamoja, na watu huyachanganya.

La kwanza ni la mkono. Shingoni, kutoka kwenye uti wa mgongo, hutoka kifungu cha mishipa ya fahamu kinachoendesha bega, mkono na vidole. Kichwa kikivutwa huku bega limenasa, kifungu hicho hunyooshwa, na kikinyooshwa kupita kiasi huchanika. Mkono hulala ubavuni, umegeukia ndani, kiganja kikitazama nyuma. Hii hailetwi na ubongo. Mtoto mwenye jeraha hili peke yake ana akili zake zote na miguu yake yote, na wengi hupona kabisa au kwa kiasi kikubwa katika miezi ya mwanzo, hasa mazoezi yakianza mapema. Nimeona wazazi wakilia kwa mkono wa namna hii wakidhani mtoto "kapigwa kiharusi". Hapana. Ni mishipa ya bega.

La pili ndilo zito. Kamba ya kitovu ilibanwa, yote au sehemu yake, kati ya mwili wa mtoto na nyonga ya mama. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa mapafu. Hewa yake yote hupitia kwenye ile kamba. Kamba ikibanwa na kifua kikiwa bado kimekabwa ndani ya njia, hana pa kuvutia hewa. Wakunga hufundishwa kwamba mabega yakikwama, hatari kwa ubongo hupanda sana zikishapita dakika tano hivi. Hapa zilipita 12.

Sasa angalia aina ya mtindio alioupata. Madaktari waliuita wa mienendo isiyotawalika: viungo hujipinda na kujinyonga bila mtoto kutaka, mdomo na ulimi nao vikiwa humo humo. Aina hiyo inasema jambo. Hewa ikikatika ghafla na karibu yote kwa mtoto aliyetimiza miezi, sehemu za ubongo zinazoumia kwanza ni vile viini vya ndani kabisa vinavyoratibu mwendo, kwa kuwa ndivyo vinavyotumia nguvu nyingi wakati huo. Kwa hiyo picha ya ulemavu inalingana na picha ya ajali. Na tuseme hili kabla halijapita: watoto wa aina hii mara nyingi wanaelewa mengi kuliko mwili unavyowaruhusu kuonyesha. Christy Brown, mwandishi na mchoraji wa Dublin aliyezaliwa mwaka 1932, alikuwa na mtindio unaofanana na huu, na aliandika na kuchora kwa vidole vya mguu wa kushoto.

Ndiyo maana mahakamani hapakuwa na mabishano makubwa juu ya kilichomdhuru mtoto. Ilikubalika kwamba angetolewa kwa upasuaji angezaliwa salama. Mabishano yalikuwa juu ya kama mama alistahili kuambiwa.

Mwaka ule ule wa 1999 jopo la kimataifa la wataalamu lilichapisha vigezo vya kuamua kama mtindio wa ubongo umetokana kweli na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwanza, damu ya kamba ya kitovu iwe na asidi nyingi, pH chini ya 7.00. Pili, mtoto aliyetimiza angalau wiki 34 aonyeshe mapema, katika saa zake za mwanzo, kwamba ubongo umevurugika: amelegea, hanyonyi, haamki vizuri, anapata degedege. Tatu, mtindio uwe wa viungo vyote vinne uliokakamaa au ule wa mienendo isiyotawalika. Vipo na vigezo vya ziada, kama vile kuwepo kwa tukio la hatari linalojulikana kabla tu ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa. Vilirekebishwa baadaye, lakini hoja imebaki ile ile. Mtoto aliyelia kwa kuchelewa kidogo, kisha akanyonya siku ile ile na kuruhusiwa kesho yake akiwa mchangamfu, hata kama uchungu ulichukua siku mbili, ni vigumu sana kusema ubongo wake uliumizwa na uchungu ule. Jeraha kubwa la ubongo la saa za kuzaliwa halijifichi kwa mwaka mzima ndipo lijitokeze. Huonekana siku za kwanza.

Hili huwashangaza wengi, maana imani ya kwamba uzazi mgumu ndio chanzo ni ya zamani na ilianzishwa na daktari mwenye heshima. William John Little, daktari wa mifupa wa London, aliwaeleza wenzake wa Chama cha Uzazi cha London mwaka 1861 kwamba watoto wengi aliowaona wamekakamaa miguu walizaliwa kwa shida, kabla ya wakati, au bila kupumua. Kwa muda mrefu ugonjwa wenyewe uliitwa kwa jina lake. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye wakati ule alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu huko Vienna, aliutilia shaka ushahidi huo: alisema huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili tu ya kasoro iliyomkuta mtoto tumboni kitambo. Mtoto aliyekwisha kuumia ubongo hukaa vibaya, hachezi, hasaidii kutoka. Hakusikilizwa.

Ilichukua karibu karne nzima swali hilo lipimwe kwa hesabu. Marekani ilifuatilia mimba zipatazo 54,000 kuanzia mwaka 1959, na watoto wakafuatiliwa kwa miaka. Karin Nelson na Jonas Ellenberg walipochambua takwimu zile waligundua kwamba, kati ya watoto waliokuja kuwa na mtindio wa ubongo, asilimia 73 walikuwa na alama ya Apgar ya 7 hadi 10 dakika tano baada ya kuzaliwa. Alama hiyo ndiyo ile iliyobuniwa na Virginia Apgar mwaka 1952, inayopima mapigo ya moyo, pumzi, kukaza kwa misuli, mwitikio na rangi. Saba kwenda juu ni nzuri. Maana yake ni kwamba wengi wa watoto wale walizaliwa vizuri kabisa. Mwaka 1988 Eve Blair na Fiona Stanley wa Australia Magharibi walikadiria kwamba kukosa hewa wakati wa kuzaliwa kungeweza kuwa chanzo cha asilimia 8 tu ya mtindio wa kukakamaa. Katika nchi tajiri mashine za kusikiliza moyo wa mtoto zikazagaa, upasuaji ukaongezeka mara kadhaa, na bado kiwango cha mtindio kikabaki karibu watoto wawili kwa kila 1,000 kwa miongo mingi. Uzazi mgumu ungekuwa ndio chanzo kikuu, kingeporomoka.

Iliyobaki hutokea wapi, basi? Tumboni, kwa sehemu kubwa: maambukizi kwa mama, kiharusi cha mtoto kabla ya kuzaliwa, ubongo kujijenga vibaya, kasoro za kurithi, mapacha wanaoshirikiana kondo. Na kuzaliwa njiti, ambako mishipa midogo ya damu ya ubongo huwa bado haijakomaa.

Ila hesabu za Marekani na Australia zisibebwe zilivyo zikatuliwe Tandahimba, kusini mwa Tanzania. Kwetu picha ni nyingine, na ningekuwa naongopa kama ningewaambia akina mama wa huku kwamba ni asilimia 8. Katika vituo ambako kuna mkunga mmoja kwa wajawazito kadhaa, ambako gari la kumkimbiza mama hospitali ya wilaya linasubiri mafuta, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wachanga, na palipo na vifo vingi pana manusura waliojeruhiwa. Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake, waliohesabu watoto nyumba kwa nyumba katika Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, waliwapata watoto 97 wenye mtindio wa ubongo, kiwango cha karibu watatu kwa kila 1,000. Robo yao hivi walikuwa wamepata jeraha baada ya umri wa uchanga, mara nyingi kutokana na malaria. Watoto njiti, ambao Ulaya ni kundi kubwa miongoni mwa wenye mtindio, walikuwa wachache mno, na sababu si njema: wengi wao hawaishi mpaka kuhesabiwa.

Manjano nayo isisahaulike. Mtoto akiwa wa njano kupita kiasi wiki ya kwanza na asitibiwe kwa mwanga au kubadilishwa damu, ile rangi hupenya kwenye vile vile viini vya ndani vya ubongo na kumwachia mtindio unaofanana sana na wa mtoto wa Bellshill. Nimekutana na familia ambayo kwa miaka ilishikilia kwamba mtoto "alikwama njiani". Tulipoipekua kadi na kumhoji bibi taratibu, mtoto alilia akizaliwa, akanyonya, akageuka njano siku ya tatu mpaka kwenye nyayo, akaanikwa juani. Uzazi ulikuwa mgumu kweli. Lakini ubongo haukuumizwa na uzazi.

Hapa ndipo nirudi kwenye ile kauli ya kumbana mtoto. Leba nyingi bado inasemwa kwa ukali, "fungua miguu, unamuua mtoto!" Mwaka unapita, mtoto hakai, na kauli ile inageuka hukumu ukweni. Someni tena dakika za Bellshill. Mama alikuwa amelala nusu kaputi. Kilichokwamisha ni bega juu ya mfupa. Mapaja ya mwanamke hayana nguvu ya kuufunga mfupa wa nyonga. Mabega yakikwama, tiba ya kwanza ni ya wahudumu: kuyakunja mapaja ya mama mpaka yaguse tumbo, na msaidizi kubonyeza juu kidogo ya kinena ili bega liteleze. Mara nyingi hiyo peke yake hutosha. Kumkandamiza mama juu ya tumbo kwa viwiko, jambo ambalo bado hufanywa, huzidi kulikita bega pale pale lilipo. Mwanamke aliyeambiwa alimbana mtoto ameonewa, na ningependa waume zao walisikie hilo kutoka kwa mtu wa afya, si kutoka kwa wake zao tu.

Vipi matatizo mengine ya ukuaji? Wazazi huniuliza kuhusu usonji, kuchelewa kusema, utoro wa akili darasani. Usonji umeonekana kuambatana na uzazi wenye matatizo katika tafiti kadhaa, lakini kuambatana si kusababisha, na kurithi kuna nafasi kubwa zaidi hapo. Mtoto anayetembea vizuri, anayekimbia na kupanda miti, ila hasemi wala hamtazami mtu, sioni njia ya kuupeleka mzigo huo kwenye uchungu uliochukua saa 20. Jeraha zito la kukosa hewa hugusa mwendo karibu kila mara. Lile la wastani linaweza kumwacha mtoto akiwa na viungo vizima lakini akapata shida ya kujifunza akifika shule, na hao wanahitaji kufuatiliwa. Lakini nao walikuwa wagonjwa wiki yao ya kwanza, na kwa kawaida kuna mtu anayekumbuka.

Mahakamani mambo hayakwenda haraka. Jaji wa kwanza, mwaka 2010, alikataa dai. Mahakama ya rufaa ya Scotland, mwaka 2013, ikalikataa. Hoja ilikuwa kwamba hatari ya mtoto kudhurika vibaya ilikuwa ndogo sana: mabega yakikwama, uwezekano wa kamba kubanwa mpaka mtoto apate mtindio au afe uko chini ya asilimia 0.1. Tarehe 11 Machi 2015 majaji saba wa Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, waliitengua hukumu. Walisema daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa hatari ambayo mtu mwenye busara, akiwa katika nafasi ya mgonjwa huyo, angeona ina uzito. Walikataa hoja kwamba mama hakuuliza swali mahususi, kwani asiyejua kuna la kuuliza ataulizaje? Na walitazama asilimia 9 hadi 10 ya mabega kukwama, ambayo yenyewe ni dharura ya kutisha kwa mama hata mtoto akitoka salama. Familia ililipwa fidia ya pauni milioni 5.25, ya kumtunza mtoto maisha yake yote.

Naikubali hukumu ile bila kusita, ingawa najua baadhi ya madaktari huiogopa. Kila mwanamke wetu mwenye kisukari, au aliyewahi kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4, au ambaye mabega ya mtoto aliyetangulia yalikwama, anastahili kuambiwa kabla ya wiki ya 36, kwa Kiswahili chepesi, mtoto anakadiriwa kilo ngapi, nani atakuwepo leba, na chumba cha upasuaji kipo umbali gani. Upasuaji si mchezo. Una damu, una maambukizi, unaacha kovu linalohatarisha mimba inayofuata, hasa kwa anayeishi mbali. Achague akijua.

Kuna kitu kimoja ambacho kesi haikukigusa sana na kwetu ndicho kinachookoa wengi: dakika inayofuata baada ya mtoto kutoka. Mtoto asiyelia anahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo na, asipopumua, kupewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja, ile wanayoiita dakika ya dhahabu. Mafunzo hayo yalipofanywa katika hospitali nane za Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Karibu nusu. Kwa mfuko wa mpira na barakoa.

Ulaya na Marekani mtoto aliyekosa hewa hupozwa mwili mpaka nyuzi 33.5 kwa saa 72, kuanzia ndani ya saa sita za kuzaliwa, na huko inapunguza vifo na ulemavu. Wazazi wenye ndugu nje huniuliza kwa nini kwetu hawapozi. Jaribio lililofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408, matokeo yakatoka mwaka 2021, lilionyesha kwamba waliopozwa walikufa zaidi: asilimia 42 dhidi ya 31. Kwa hiyo msiwashutumu manesi wetu kwa hilo, na msimpoze mtoto wenyewe kwa maji.

Kwa mama ambaye mtoto wake ameshazaliwa na ana mashaka naye, fanya hivi. Kabla karatasi hazijapotea, omba nakala ya muhtasari wa kuruhusiwa na uangalie Apgar ya dakika ya kwanza na ya tano, uzito, kama mtoto alipewa hewa kwa barakoa, kama alikaa chumba cha watoto wachanga, kama alipata degedege au manjano. Ziandike mwenyewe kwenye daftari ukikumbuka, na umwombe aliyekusindikiza leba naye aseme anachokumbuka. Kisha mtazame mtoto. Miezi minne shingo haijakaza. Ngumi zimefumbwa muda wote na kidole gumba kiko ndani. Miguu inapishana ukimnyanyua kwapani. Miezi tisa hakai bila kushikwa. Anapendelea mkono mmoja kabla ya kutimiza mwaka. Moja kati ya hayo linatosha kumpeleka, usisubiri watu wakuambie kuna watoto wanaochelewa.

Ukimpeleka, hatutaanza na sababu. Tutaanza na namna anavyokula, kwa kuwa wengi wa watoto hawa hupaliwa na uji ukaingia mapafuni. Asilishwe akiwa amelala chali. Mkalishe mapajani, mgongo umeegemea mkono wako, kidevu kimeinama kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo kidogo, umsubiri ameze.